Nafsineni Kwanza, Dhamira Mwisho: Shajara ya Mwongozo wa Mashairi ya Enzi ya Victoria

Wiki ya 1: orodha na istilahi

Kazi ni kutengeneza kadi tisa za usomaji kwa Kiswahili, kila kadi shairi moja. Walengwa ni wasomaji wanaokimudu Kiingereza cha shairi lenyewe lakini wakiulizwa linasema nini hujibu "linahusu mapenzi" au "linahusu kifo", kisha wakakwama hapo.

Orodha imefungwa: "Porphyria's Lover" na "My Last Duchess" ya Robert Browning, "Remembrance" ya Emily Brontë, "Up-Hill" na "In an Artist's Studio" ya Christina Rossetti, "The Cry of the Children" ya Elizabeth Barrett Browning, sehemu ya 54 hadi 56 ya "In Memoriam" ya Tennyson, "Dover Beach" ya Matthew Arnold, na shairi la 27 katika "A Shropshire Lad" ya A. E. Housman. Victoria alitawala 1837 hadi 1901. Shairi la Porphyria lilitoka jaridani Januari 1836, kabla hajakikalia kiti, ila Browning alilirudisha kitabuni 1842, kwa hiyo limebaki.

Istilahi zilileta ubishi wa siku mbili. Darasa la Kenya huzoea "maudhui" kwa mambo yanayozungumzwa na "dhamira" kwa lengo la mtunzi. Darasa la Tanzania huita "dhamira" yale yale ambayo mwenzake anayaita maudhui. Tumekubaliana hivi: maudhui ni jambo, unalitaja kwa neno moja (wivu, imani, ajira ya watoto). Dhamira ni kauli kamili kuhusu jambo hilo, yenye kitenzi ndani yake. Anayesema ndani ya shairi ni nafsineni, anayeambiwa ni nafsinenewa.

Kosa kubwa kuliko yote linajulikana tangu sasa: kumchukua nafsineni kuwa ndiye mtunzi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulifanya. Mtunzi wa utenzi mara nyingi hujitambulisha beti za mwisho, na Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake 1858, enzi hiyohiyo ya Victoria, anaanza kwa "Negema wangu binti", na binti huyo ni wa kumzaa kweli. Mapokeo haya ni mazuri na hayahitaji kurekebishwa. Ila ukiyabeba mazima hadi kwa Browning, utamshitaki mtunzi kwa mauaji mawili.

Wiki ya 2: umbo la kadi

Kadi ina sehemu sita, na mpangilio wake haubadilishwi: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi na ni saa ngapi, ni jambo gani limetokea punde kabla ya mstari wa kwanza, anataka nini, ni kipi kimemponyoka bila kukusudia. Mstari wa dhamira uko chini kabisa, na haujazwi mpaka hizo sita zijazwe. Kila jibu lina namba ya mstari. Dhamira haizidi maneno 25, inaegemea mistari isiyopungua mitatu, na angalau mmoja wa hiyo utoke robo ya mwisho ya shairi, kwa sababu washairi hawa wana mazoea ya kupindua mambo mwishoni.

Usomaji ni mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti, bila kalamu. Mara ya pili kwa kalamu nyekundu: zungushia kila nafsi (I, you, she, we). Mara ya tatu kwa bluu: pigia mstari kila badiliko la njeo, yaani wakati wa kitenzi. Ukiruka usomaji wa kwanza, nyekundu na bluu zitakupa hesabu tupu, hutasikia mtu akisema.

Vina na mizani vimepewa mstari mmoja tu kwenye kadi. Kiingereza huhesabu mikazo, Kiswahili huhesabu silabi, na kulazimisha ulinganifu kunapoteza muda. Pana mtego mmoja wa kutaja: mistari ya Porphyria ina silabi nane, sawa na kipande cha utenzi, na jaribio la kuifasiri kwa mizani 8 lilikwenda vizuri kupita kiasi. Likasikika kama wosia. Sauti ya utenzi ni ya mtu mwenye haki ya kukufunza, na huyu bwana hana haki hiyo. Tafsiri zote za kwenye kadi sasa ni mistari huru, kazi yake kubeba maana tu.

Wiki ya 3 na ya 4: Porphyria

Wiki mbili kwa mistari 60, na hazikupotea.

Kisa: usiku wa mvua na upepo, mwanamke anaingia kibandani, anawasha moto, anaketi kando ya mpenzi wake. Mpenzi anamnyonga kwa nywele zake mwenyewe. Hadithi nzima tunaipata kwa kinywa cha muuaji, na sauti yake ni tulivu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kiswahili kimetusaidia hapa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kiambishi cha nafsi kimegandamana na kitenzi na hakikwepeki. Weka tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, pembeni mwa shairi, kisha usome viambishi peke yake. Kuanzia mstari wa 6 hadi wa 20 ni a-, a-, a-: aliingia, aliufungia baridi nje, alipiga magoti, alinyanyuka, alivua joho lililolowa, aliweka glavu pembeni, alifungua kofia, aliketi, aliniita, aliuchukua mkono wangu akauzungusha kiunoni mwake. Vitenzi zaidi ya kumi, vyote vya Porphyria. Nafsineni ana kitenzi kimoja tu kabla ya hapo, "nilisikiliza", mstari wa 5, na hapati kingine mpaka "nilimtazama" wa mstari wa 31. Hata asipojibu hasemi kwamba hakujibu. Mstari wa 15 unasema hakuna sauti iliyojibu. Rasimu mbili za kwanza ziliandika "sikujibu", zikaharibu kila kitu, maana zilimpa u-mimi ambao shairi limemnyima kwa makusudi. Andika "pasijibu sauti".

Kisha, kuanzia mstari wa 36:

Saa ile alikuwa wangu, wangu, mzuri,
safi kabisa na mwema: nikapata
jambo la kufanya, na nywele zake zote
nikazifanya kamba moja ndefu ya manjano,
nikaizungusha mara tatu shingo yake ndogo,
nikamnyonga.

Ni-, ni-, ni-. Amepata vitenzi. Na kitenzi cha kuua kimekaa mwanzoni mwa mstari wa 41, kikafuatwa na nukta, kisha katikati ya mstari huohuo anaanza kutuhakikishia kwamba marehemu hakuumia. Anayerudia mara mbili kwamba hakuna maumivu ameulizwa na nani?

Baada ya mstari wa 50 linatokea jambo ambalo Kiingereza kinaliashiria kwa neno dogo "it" na ambalo msomaji hulipita. Nafsineni haongei tena juu ya mwanamke, anaongea juu ya kichwa: kilivyofurahi, kilichokitaka, kilivyovidharau vimekimbia. Mtu ametoka ngeli ya A-WA akaingia KI-VI. Kwa Kiswahili hili linasikika papo hapo, linakwaruza sikio, na ndivyo inavyopasa. Usilainishe kwa kurudisha a-.

Mwisho ni tu-: tunakaa pamoja, usiku kucha hatujatikisika. Wawili, na mmoja ni maiti. Kisha a- inarudi kwa mara ya mwisho, na safari hii si ya Porphyria: "na bado Mungu hajasema neno."

Dhamira iliyokataliwa: "mapenzi huleta maafa". Hiyo ni methali iliyobandikwa juu ya shairi, haina namba ya mstari. Iliyokubaliwa: "Nafsineni anadhani kulisimamisha penzi katika nukta moja ndiko kulimiliki, na utulivu wa sauti yake ndio unaomfichua." Mistari 36, 41, 58 hadi 60.

Nyongeza kwenye kadi: mwaka 1842 Browning aliliweka shairi hili pamoja na jingine chini ya kichwa "Madhouse Cells", yaani vyumba vya wendawazimu. Matoleo mengi ya leo hayana kichwa hicho. Msomaji aambiwe, lakini baada ya kujaza kadi. Akiambiwa mapema ataandika "ni kichaa" na kuacha kusoma.

Wiki ya 5: mtawala wa Ferrara na neno mahari

"My Last Duchess", mistari 56, vina viwiliviwili ambavyo huvisikii kwa sababu mistari mingi ni mishata: maana haikomi mwisho wa mstari, inamwagikia unaofuata. Mtawala wa Ferrara anamwonyesha mgeni picha ya mke aliyetangulia, iliyofunikwa pazia ambalo halifunuliwi na mwingine ila yeye. Nyuma yake yupo mtu wa historia, Alfonso II wa Ferrara, aliyemwoa Lucrezia de' Medici mwaka 1558 na kufiwa naye 1561. Mchoraji Frà Pandolf na mfua sanamu Claus wa Innsbruck ni wa kubuni.

Nafsinenewa hafungui kinywa hata mara moja, lakini anaacha alama: anaombwa aketi, anaombwa ainuke, na mstari wa 53 na 54 unaonyesha amejaribu kujitenga nyuma, kwa maana anaambiwa "la, tutashuka pamoja, bwana". Ni nani? Jibu limefichwa hadi mstari wa 49: ni mjumbe wa mkubwa mwingine ambaye binti yake anaposwa. Msomaji lazima arudi mwanzo asome upya akijua hayo. Kadi imeandika wazi: soma mara ya nne.

Tatizo zito lilikuwa mstari wa 51. Neno "dowry" lilifasiriwa "mahari" kwenye rasimu, kama kamusi zinavyoruhusu, na shairi likageuka kichwa chini miguu juu. Kwetu mahari hutoka kwa mume kwenda kwa mke. Katika Ulaya ya shairi hili mali inatoka kwa baba ya binti kwenda kwa mume. Kwa "mahari" msomaji anaona mtawala mkarimu aliye tayari kutoa. Shairi lina mtawala anayehakikisha atapokea, huku picha ya marehemu ikining'inia ukutani. Sasa imeandikwa "mali atakayokuja nayo binti kutoka kwa babaye". Ni refu, na litabaki refu. Kwa sababu hiyohiyo mgeni haitwi mshenga, maana mshenga hutumwa na upande wa muoaji. Ni mjumbe.

Mbinu iliyofanya kazi: chora safu mbili, "tendo" na "hukumu". Upande wa tendo andika tu alichofanya mwanamke: alifurahia jua likizama, alifurahia tawi la cheri aliloletewa kutoka bustanini, alifurahia nyumbu mweupe wa kupanda, alishukuru watu. Upande wa hukumu andika maneno ya mumewe: moyo wake hufurahishwa upesi mno. Safu ya kwanza haina kosa hata moja. Hapo ndipo dhamira inapopatikana, kwenye pengo kati ya safu mbili. Kisha mstari wa 45 na 46: alitoa amri, tabasamu zote zikakoma. Amri gani, kwa nani, hakuna. Usijaze.

Neno la kwanza linalomhusu nafsineni ni "my", la mwisho la shairi ni "me". Katika tafsiri ilikuwa rahisi kumalizia kwa "aliyonifulia", na yule mimi akamezwa na kiambishi katikati ya neno. Imebadilishwa: "aliyoifua kwa shaba, kwa ajili yangu."

Wiki ya 6: Rossetti

"Up-Hill" ilichapishwa 1861. Mistari 16, beti nne, swali na jibu kwa zamu. Msomaji wa ngonjera anaingia bila shida, na tumemwacha aingie hivyo. Tofauti moja tu imewekwa: ngonjera huwapa washindani majina au hali zao, hapa mwenye kujibu hana jina wala sura, na majibu yake ni mafupi kuliko utulivu anaotakiwa kuuleta. Barabara inapanda mpaka mwisho? Ndiyo, mpaka mwisho kabisa. Nyumba ya wageni inayosubiri gizani inaweza kuwa kaburi na inaweza kuwa pepo. Kadi isichague kwa niaba ya msomaji.

"In an Artist's Studio" ndilo lililotaabisha mkono. Soneti (shairi la mistari 14) ya 1856 iliyochapishwa 1896, mtunzi akiwa amefariki 1894. Uso mmoja umechorwa tena na tena na mchoraji mmoja. Uzito wote umebebwa na "he" na "she", na Kiswahili hakina jinsia katika nafsi ya tatu. "Anayalisha macho uso wake" inaweza kuwa mtu anajitazama kiooni. Dawa: taja "mchoraji" na "yule binti" kila mahali ambapo Kiingereza kina he na her, hata ikirefuka, na utumie kiwakilishi pale tu ambapo hakuna shaka. Mstari wa mwisho sasa unasomeka: "si kama binti alivyo, bali kama anavyoijaza ndoto ya mchoraji." Nafsineni ni "we", sisi, waliomkuta binti nyuma ya viambaza vya chumba cha uchoraji. Wanaona kinachofanyika. Hawasemi kama walimwambia mtu.

Wiki ya 7: Remembrance, Tennyson, watoto

Brontë imekwisha kwa siku moja, kwa sababu ushahidi ni hesabu tu. Nafsineni anasema mpenzi wake amelala ardhini kwa Desemba kumi na tano, yaani miaka kumi na tano. Muswada una tarehe ya Machi 1845. Emily alizaliwa Julai 1818. Miaka kumi na tano nyuma alikuwa na umri wa miaka 11. Muswada wenyewe unataja anayesema na anayeambiwa, R. Alcona na J. Brenzaida, watu wa Gondal, nchi ya kubuni waliyoitunga Emily na mdogo wake Anne. Toleo la 1846 liliondoa majina hayo, ndipo wasomaji wakaanza kumtafutia Emily mchumba aliyekufa. Kadi hii iwe ya kwanza darasani. Hakuna inayovunja mazoea ya "mtunzi anasema" haraka kuliko hii.

Tennyson ni kinyume chake, na lazima kadi ikiri hivyo. "In Memoriam" (1850) inamlilia rafiki wa kweli, Arthur Hallam, aliyefariki Vienna Septemba 1833. Hapa mtunzi na nafsineni wamekaribiana sana. Lakini Tennyson mwenyewe alieleza kwamba "I" ya humo si yeye kila mara, wakati mwingine ni sauti ya wanadamu wote. Katika sehemu ya 56 anaingia msemaji wa pili, Maumbile, akisema kwa kinywa chake kwamba aina elfu za viumbe zimetoweka na hajali. Kosa la kawaida: kuandika kwamba Tennyson anamjibu Darwin. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka 1859, miaka tisa baadaye. Mwamba uliochimbwa wenye mabaki ya viumbe, uliotajwa katika sehemu hiyo, ni wa wanajiolojia na wa juzuu za jiolojia za Charles Lyell zilizotoka kati ya 1830 na 1833.

"The Cry of the Children", 1843, mwaka mmoja baada ya ripoti ya tume ya serikali kuhusu ajira ya watoto migodini. Wanasema wawili: sauti ya nje inayowaita "ndugu zangu", na watoto wenyewe ndani ya alama za kunukuu. Watoto hawalalamiki kuhusu sheria. Wanasema wamechoka na hawawezi kukimbia. Sehemu kubwa ya hoja ya kisiasa imewekwa kinywani mwa yule wa nje. Ukiwachanganya, watoto wanageuka wahutubu na shairi linakufa.

Wiki ya 8: Dover Beach

Mistari 37, ilichapishwa 1867. Wengi huandika "mshairi anajisemesha mwenyewe". Mstari wa 6 unamwita mtu aje dirishani, na wa 29 unamwita mpenzi. Yupo mtu chumbani tangu mwanzo, na ombi la mwisho, tuwe wakweli sisi kwa sisi, halina maana bila yeye.

Msomaji wa pwani ana mtaji hapa. Shairi linaanza maji yamejaa. Baadaye Bahari ya Imani, iliyokuwa imejaa pia, inapwa kwa mngurumo mrefu wa huzuni. Mtu aliyekulia Lamu au Tanga atauliza swali ambalo vitabu vingi vya mwongozo havigusi: maji yanayopwa hujaa tena baada ya saa sita, sasa mbona hapa hayarudi? Swali limeingizwa kwenye kadi kama lilivyo. Jibu liko katika ubeti wa mwisho, ambamo bahari haitajwi tena kabisa. Tumeachwa nchi kavu, kwenye uwanda wa giza, majeshi yasiyojuana yakipigana. Arnold ameikata taswira kabla maji hayajajaa tena.

Neno "shingle" lisifasiriwe mchanga. Ufuo wa Dover ni wa kokoto, na mkwaruzo wa kokoto zikivutwa na wimbi ndio sauti inayoendesha shairi lote. Mchanga hautoi sauti hiyo.

Wiki ya 9: Housman, na yaliyobaki

Shairi la 27 (1896): beti nane, marehemu anauliza, rafiki aliye hai anajibu. Je, farasi wangu wanalima? Je, mpira unachezwa? Je, msichana wangu ameacha kulia? Beti za marehemu zina alama za kunukuu, za aliye hai hazina. Nakala iliyonakiliwa kutoka intanetini ilikuwa imepoteza alama hizo, na majaribio yote ya kujaza "nani anasema" yakatoa mtu mmoja anayejijibu. Alama zimerudishwa kwa kulinganisha na kitabu kilichochapwa. Kuanzia sasa kila nakala inahakikiwa alama za kunukuu, vistari na nafasi kati ya beti kabla haijapewa msomaji.

Kadi saba zimefungwa. Ya Tennyson imerudishwa kwa sababu dhamira yake ina maneno 41. Ya watoto inasubiri tafsiri ya "O my brothers": "ndugu zangu" inachukua wanaume na wanawake, na bado haijaamuliwa kama iongezwe "wanaume". Mwaka 1843 wanawake wa Uingereza hawakuwa na kura ya bunge, na waliokuwa na uwezo wa kubadili sheria ile walikuwa wanaume peke yao.